Habari Ziwafikie Bwejuu

Kwetu mtu akifa asubuhi, alasiri ashazikwa. Ndiyo maana wageni wakipita ofisini kwetu hushangaa kuona watu wamejipanga kutangaza kifo cha mtu aliyelala chini ya udongo tangu jana. Huniuliza, tangazo la nini tena? Nami hukereka, maana mtu ashazikwa, basi ndugu zake wakae kimya? Maziko hutangazwa na redio, na spika ya msikiti, na simu za watu. Gazeti kazi yake ni orodha ya wafiwa, na orodha hiyo watu huikata na kuiweka kabatini pamoja na vyeti.

Nimekaa meza ya matangazo ya vifo miaka kumi na tisa, kwenye gazeti dogo la hapa Mji Mkongwe. Ofisi yetu iko chini, na dirisha langu linatazama uchochoro ambao baiskeli mbili hazipishani. Maneno ya tangazo nayajua kama Alhamdu. Familia ya fulani wa Mkunazini inasikitika kutangaza kifo cha mzee wao. Marehemu ni baba wa fulani na fulani, ni kaka wa fulani, ni mjomba wa fulani. Halafu: habari ziwafikie fulani wa Nungwi, fulani wa Matemwe, fulani wa Mombasa, na jamaa wote popote walipo. Hapo ndipo watu wanapogombana.

Bibi mmoja alinirudia na gazeti mkononi. Ndugu zake walimtaja kila mtu hadi mpangaji wao wa zamani, yeye hawakumtaja. "Mie nlomlea marehemu tangu ananyonya," akanambia, "leo nshakuwa jamaa wote popote walipo?" Nilicheka, jamani, ikabidi nijifanye nakohoa. Lakini nilimwelewa. Mtu akitajwa kwenye orodha ile, mji mzima umeshajua yeye ni wa nani. Asipotajwa, watu huanza kuulizana.

Wengine huja kutafuta matangazo ya zamani. Kadhi kawataka ushahidi, au wamesahau tarehe ya kumsomea mzee wao hitma. Magazeti yako chumba cha nyuma, yamefungwa kwa kamba mwezi kwa mwezi, na unyevu wa bahari umeyala pembeni. Mimi ndiye ninayeingia kuyatoa, kwa sababu wenzangu wana mafua ya vumbi, au wanasema wanayo.

Sasa nije kwa baba yangu.

Baba alikuwa bwana shamba wa serikali. Kila wiki alikwenda kusini kukagua mihogo na minazi ya watu, na hata alipostaafu aliendelea kwenda Bwejuu kila Alhamisi, anarudi Jumamosi. Alisema ana minazi yake huko. Tumekula nazi za Bwejuu miaka na miaka, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza nani anaziangua.

Mwezi wake wa mwisho nilikuwa nikitoka kazini napitia kwake na uji wa mtama. Siku moja, mama anasali alasiri chumba cha pili, baba alinishika mkono uliokuwa na kijiko.

"Bwejuu nna mke," akasema. "Na mtoto wa kike. Nimeoa kwa ndoa, sikuiba. Mamako hajui."

"Na kaka?"

"Kakako anajua. Hataki kusikia." Akapumzika kidogo. "Nikiondoka, Bwejuu wajue siku hiyo hiyo. Na kwenye gazeti umtie mwanangu. Wewe ndo kazi yako."

"Naam, baba," nikasema.

Alinitajia jina la huyo binti, na akanitaka nilirudie. Nikalirudia. Akanitaka tena, nikalirudia tena, naye akafunga jicho moja kama alivyokuwa akifanya anapohakikisha jambo limekaa sawa. Mama alipotoa salamu na kukunja msala wake, tulikuwa tunazungumza habari za uji.

Alifariki Jumapili, jua linachomoza. Kufika saa nne nyumba imejaa wanawake, mama yuko chumbani, na kaka yangu yuko barazani na wanaume anapanga kaburi na sanda. Simu ya baba alikwisha kuichukua na kuizima. Redioni hakupeleka neno, akasema spika ya msikiti na simu zinatosha. Mimi nikakaa jikoni, juu ya kibao cha mbuzi, nikaanza kuijaza fomu ya gazeti. Nilimwandika binti wa Bwejuu kwenye mstari wa pili, baada yangu, kama mdogo anavyoandikwa. Kaka akaja kuisoma.

"Hili nini?"

"Baba kaniagiza."

"Baba kafa. Mama yu hai. Unataka tuzike wawili leo?"

Akaiweka fomu mbele yangu.

"Futa," akasema.

Nikafuta. Sikushikiwa panga. Nilikuwa mtu mzima wa miaka arubaini na saba, kalamu mkononi, na nikapiga mstari juu ya jina nililolirudia mara mbili mbele ya baba yangu. Halafu nikachukua fomu nyingine nikaandika upya, kwa mwandiko mzuri, nikatia saini yangu chini, penye jina la mtangazaji.

Nikajiambia nitapiga simu Bwejuu. Namba iko kwenye simu ya baba, na simu iko mfukoni kwa kaka. Nikajiambia nitakwenda mwenyewe kesho. Kesho ikawa siku ya pili ya matanga, wageni tele, nani atawapikia? Siku ya tatu ikawa hitma. Gazeti likatoka. Habari ziwafikie wa Nungwi, wa Matemwe, wa Mombasa, wa Maskati. Maskati tuliitaja! Bwejuu, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, hatukuitaja.

Nilikaa na jambo hilo miaka mitatu. Sitasema lilininyima usingizi, nililala vizuri tu, na hilo ndilo linalonitia aibu zaidi. Ila kila aliyekuja mezani kwangu nilimkazania mno. Umemaliza wote? Fikiri tena. Hakuna aliyebaki? Watu wakaniona mjuaji. Mzee mmoja akaniuliza kama nataka atie na paka wa nyumbani kwake.

Mwaka huu, mwezi wa Rajabu, aliingia mwanamke wa miaka thelathini na kitu, buibui jeusi, mfuko wa vitambaa mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu kiti."

"Natafuta gazeti la msiba wa babangu. Una miaka mitatu sasa." Akalitaja jina la baba yangu, la kwake na la babake na la babu yake, hakubakisha.

Nilikuwa nimesimama, nikakaa. Nikamuuliza anatoka wapi ingawa sikuwa na haja ya kuuliza. Bwejuu, akasema. Ni fundi cherehani. Anaolewa Ijumaa ya wiki inayofuata, ndiyo kwanza, na kwao walishamkatia tamaa. Alisema hayo huku anacheka, na mimi nikajilazimisha kucheka naye.

"Sasa gazeti la nini na harusi?" nikauliza.

"Walii wa kuniozesha," akasema. "Baba hayupo, na babake hayupo. Walii wangu ni kakangu wa mjini, wa baba mmoja. Nimempigia simu. Kanambia, katafute gazeti la msiba wa baba. Jina lako likiwemo, ntakuja kukuozesha mwenyewe. Lisiwemo, usinipigie tena."

Ala! Mtu yule yule aliyesimama jikoni akaniambia futa. Alimtuma makusudi, ajionee kwa macho yake kuwa hayumo. Nilimkasirikia kaka, na nilijikasirikia na mimi pia, kwani mkono uliofuta ulikuwa wangu.

"Na Kadhi anasemaje?" nikamuuliza, nikitumai labda jambo lina njia nyingine.

"Kadhi kasema hana neno, ataniozesha yeye. Lakini Kadhi huwaozesha wasokuwa na mtu. Watu wa Bwejuu watasema nini? Babangu alimuoa mama mbele ya mwalimu wa chuo na wazee wa mji, tena wengi washakufa na cheti hakuna. Bibi, mie sikuokotwa."

Nikaingia chumba cha nyuma. Nilijua fungu liko rafu gani, na hata hivyo nilitoa la mwezi mwingine, nikalirudisha, nikatoa jingine. Nilikuwa natafuta muda. Mwishowe nikamletea lenyewe, nikamfungulia ukurasa.

Alisoma kwa kidole, polepole, kuanzia juu. Alipofika kwenye "marehemu ni baba wa" kidole kilisimama. Kikaenda mbele, kikarudi. Kikashuka kwenye habari ziwafikie, kikapita Nungwi, kikapita Maskati, kikafika mwisho wa tangazo na mwanzo wa tangazo la mtu mwingine.

"Labda kuna la siku ya pili yake," akasema. "Sisi hatukuliona gazeti lenyewe, mwenye duka ndo alotwambia, siku ya nne. Labda walisahau, wakatoa jingine. Msibani watu husahau."

"Hawakusahau."

"Wajuaje?"

"Nimeandika mie," nikasema. "Mie ni dadako. Nilikuandika, halafu nikakufuta."

Nilingoja anitukane. Ningependa angenitukana, wallahi, angenipunguzia. Aliinua kidole kutoka kwenye gazeti akakiweka mapajani pamoja na vingine.

"Kumbe ndo wewe wa matangazo," akasema. "Baba akikutaja sana."

Akasema ana vitambaa vya kununua Darajani kabla maduka hayajafungwa kwa sala. Akanishukuru, na akatoka. Nilibaki na gazeti wazi mezani, na mtu wa pili kwenye foleni akinikohoa nimhudumie.

Ofisini kwetu kuna sheria moja: tangazo likiwa na kosa, wa kulisahihisha ni yule aliyeweka saini tu. Tuliiweka hiyo kwa sababu ya ndugu wanaokuja kufutana baada ya mazishi. Jioni ile nilifungua jalada la fomu za mwaka ule nikaitafuta ya baba. Saini ni yangu. Si ya kaka, si ya mama. Nikakaa nayo, nikamfikiria mama.

Mama ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Kila asubuhi kabla ya kazi napita kwake namsomea ukurasa wa vifo, maana anataka kujua nani kaondoka, na hutoa maoni yake juu ya kila mmoja. Masahihisho yakitoka, ama nimsomee, ama nimdanganye, na kama nitamdanganya jirani atamsomea. Nilitamani niende nikamwambie jioni ile ile, mapema, ana kwa ana. Sikwenda. Mimi mwoga, na sijui mtu anaacha vipi uwoga akifika umri huu.

Nikaandika: "Katika tangazo la kifo cha mzee wetu, jina la binti yake wa Bwejuu liliondolewa. Marehemu ni baba wa..." na nikatutaja watatu, kwa mpangilio wake, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mhariri aliisoma akavua miwani. "Miaka mitatu?" akaniuliza. "Masahihisho ya miaka mitatu?" Nikamwambia kama kuna sheria inayosema kosa linaoza, anionyeshe. Akatia sahihi, labda kwa kuniogopa, maana nikikasirika sauti yangu inafika uchochoroni.

Asubuhi lilipotoka, nilikaa kitandani kwa mama nikamsomea wote. Mzee wa Kikwajuni. Bibi wa Mwera. Halafu nikasoma la kwetu kwa sauti ile ile ninayosomea ya wengine.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

Aliinyoosha kanga yake mapajani. Halafu akauliza, "Mamake yu hai?"

"Yu hai."

"Ni mke mpaka siku ile?"

"Mpaka siku ile, mama."

"Na mlimwambia lini?"

"Hatukumwambia. Alisikia siku ya nne, kwa mwenye duka."

"Siku ya nne!" Sauti ilimpanda. "Mie mmenitia ndani saa ile ile, mmenivua dhahabu, mmenikalisha eda miezi minne na siku kumi, hata udi nsinuse. Na mjane mwenzangu yuko huko anapita barabarani hajui kama ni mjane! Mmemfanya nini mwanamke wa watu? Na mie mmenifanya nini? Nakaa pale napewa pole, nusu ya wanaume barazani wanajua, mie ndo mjinga wa msiba wangu mwenyewe."

"Mama, kaka alisema utakufa."

"Nimekufa?" akauliza.

Nikajaribu kumshika mkono, akauondoa. Alilia, kwa baba, nadhani, na kwa zile nazi. Alisema hasira yake kwa baba wataimaliza wawili mbele ya Mungu wao, lakini aliyo nayo kwangu ina mtu hai wa kuibeba. "Toka," akasema. "Na kesho usije kunsomea." Sikuenda kesho yake wala keshokutwa. Mpaka leo anasomewa na jirani, na mimi nikienda natoa shikamoo, naitikiwa marahaba, basi.

Kaka alikuja ofisini mchana. Watu walikwisha kumpa hongera barazani ya kupata dada, wengine kwa wema na wengine kwa kumcheka. Akasimama mbele ya meza yangu, mbele ya wafiwa wa watu, akasema nimeivua nguo familia mji mzima. Nikamwambia ashushe sauti, hapa pana msiba. Akatoa simu akanionyesha. Binti wa Bwejuu alikuwa ameupiga picha ukurasa ule na kumpelekea, na chini yake kaandika maneno matano tu: Jina limo, kaka. Ijumaa karibu.

"Ulisema likiwemo utakwenda," nikamwambia.

"Nilisema la msiba."

"Lile ndilo la msiba. Limesahihishwa."

Alikwenda. Neno lake alilitamka mwenyewe, na mji ulishalijua. Ijumaa baada ya sala alikaa msikitini Bwejuu, akamshika mkono bwana harusi akamuozesha dada yake, wa baba mmoja, kwa sauti iliyosikika hadi nje kwetu wanawake. Vigelegele vikapigwa. Pilau hakula. Alipanda gari akaondoka, na mimi aliniruka kwa macho kama mlango uliofungwa.

Mimi nilirudi nyumbani kwao, nikaingia chumbani kwa bibi harusi. Alikuwa kitandani, hina hadi kwenye viwiko, mama yake pembeni anampepea, mwanamke mwembamba aliyenipokea kwa mikono miwili na hakusema hata neno moja la msiba. Nilipoinama kumpa mkono wa heri, bibi harusi hakuniachia.

"Dada, baba alizikwa saa ngapi?"

Sikutegemea swali hilo siku hiyo. "Baada ya alasiri," nikasema. "Saa kumi na nusu hivi."

Akafunga jicho moja, anahesabu.

"Jumapili ile kulikuwa na harusi nyumba ya tatu," akasema. "Saa kumi na nusu nlikuwa nacheza. Na mama alikuwa na asumini kichwani, mie ndo nlomtungia. Tumecheza mpaka magharibi."

Mama yake akaendelea kupepea.

"Makaburini wanawake hatuendi, najua," akasema bibi harusi. "Nsingezika. Lakini kabla hawajamfunika, wanawake wa nyumbani si waliingia kumuaga?"

"Waliingia."

"Basi uso ningeuona."

Nje walikuwa wanaita sahani. Nikamwambia nilichokuwa nacho, kwamba uso ulikuwa umetulia, na kwamba ndevu zake nilizipunguza mimi mwenyewe siku mbili kabla, kwa mkasi mbovu, zikaenda kombo, akazikwa nazo hivyo hivyo.

"Upande gani?" akaniuliza.

"Wa kushoto."

Akanyanyua mkono wenye hina, akaushika uso wake upande wa kushoto, na akabaki hivyo mpaka walipokuja kumchukua.